Tarehe Mbili za Kifo cha Baba Mdogo

Baba Mdogo Cornelius alikufa mara mbili. Mara ya pili aliuawa na homa, huko Sudan, mwezi wa Mei mwaka wa themanini na moja. Mara ya kwanza nilimuua mimi, miezi kumi na minne kabla ya hapo, siku ya Jumanne baada ya chai ya saa nne, kwa kutumia kiazi kitamu.

Sikuwa na chuki naye. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa bado natambaa, na Cornelius, mdogo wake, ndiye aliyenilea, akanilipia karo na kuninunulia sanduku la bati lenye kufuli mbili. Nilimuua kwa sababu Jumamosi ile kulikuwa na mbio za nyika, kilomita nane za matope, na jina langu, Edah, lilikuwa limebandikwa ubaoni.

Katika shule yetu ya bweni, ruhusa ya kwenda nyumbani ilipatikana kwa njia mbili tu: kutapika mbele ya mashahidi, au msiba. Misiba ilikuwa na kanuni zake, na sisi wa kidato cha pili tulizijua kuliko kanuni za hesabu. Nyanya hakufaa. Kila msichana alikuwa amemzika nyanya yake mara mbili au tatu, na siku ya wageni nyanya hao wote walifika wakiwa na vikapu vya ndizi. Marehemu wa karibu hukaguliwa. Wa mbali huaminiwa.

Mimi nilikuwa na wa mbali. Baba Mdogo alikuwa mpishi wa sukari, yaani mtu anayesimama mbele ya chungu kikubwa kama nyumba na kujua, kwa kutazama tu, ni wakati gani shira inageuka kuwa chembe. Kazi hiyo alijifunza kiwandani wakati kiwanda kilikuwa kipya, miaka ile ambayo kila mtu kwetu Khwisero aling'oa mahindi akapanda miwa mpaka karibu na mlango wa jikoni. Baadaye Wasudani waliokuwa wakijenga viwanda vyao jangwani walikuja kutafuta wapishi, wakamchukua. Aliacha nyumbani ekari nne za miwa, mama yake, yaani nyanya yangu Kukhu Roda, na mkewe, Mama Mdogo Teresa.

Basi niliandika barua kwa kuiga mkono wa naibu wa chifu, mkono wenye mikia mirefu, nikawajulisha wote wanaohusika kwamba Cornelius Mukhwana wa kata ndogo yetu ameiaga dunia akiwa nchi za nje, tarehe kumi na moja Machi. Muhuri niliuchonga kwenye kiazi. Simba wawili wa nembo walitoka kama mbwa wanaogombea mfupa, lakini wino ulikuwa mwingi na huzuni ikafunika mengine.

Mwalimu mkuu wetu, Miss Jeruto, alisoma barua akiwa amesimama. Alipomaliza alikaa. Macho yake yalilowa. Alinipa siku nne na kopo la kakao, na kesho yake kwenye gwaride la asubuhi wasichana mia tatu na ishirini walisimama kimya dakika nzima kwa ajili ya mtu ambaye saa hiyo, nadhani, alikuwa anakunywa chai. Nyumbani nilisema pampu ya maji ya shule imeharibika. Kukhu akaniambia nimekonda, akachinja kuku.

Krismasi Baba Mdogo alikuja likizo. Nilimtazama akila obusuma, ugali wa kwetu, tonge kwa tonge, kana kwamba mimi ndiye niliyempa ruhusa ya kula.

"We Edah," akasema, "unaniangalianga hivyo kwa nini? Nimeota pembe?"

Siku ya tatu nilimweleza, tukiwa wawili tu katikati ya miwa, tukipima kwa macho imebakiza miezi mingapi. Nilitegemea fimbo. Alicheka mpaka akashika muwa asianguke.

"Gwaride zima?"

"Dakika moja, Baba Mdogo."

"Na mwalimu akalia?"

"Alilia."

Hapo akaacha kucheka. "Huyo umemwibia," akasema. "Mimi hujanidhuru, mtu akisingiziwa kifo huongezewa miaka. Lakini mama wa watu amelia machozi ya kweli. Shule ikifunguliwa nenda kwake, mwambie. Utachapwa, utapona. Sawa?"

"Sawa, Baba Mdogo."

"Sema haki ya Mungu."

Nikasema. Nikarudi shule Januari, nikafika mlangoni kwa Miss Jeruto mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na mgeni. Mara ya pili hakuwa na mgeni.

Telegramu ya kifo chake ilikuja mwisho wa Mei, nikiwa nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Walikuwa wameshamzika huko huko, kwa sababu ya joto. Kukhu Roda alikataa boma libaki bila kaburi, kwa hiyo wazee walikata mgomba, wakauvika shati lake la Jumapili, wakauzika mahali ambapo angelala yeye. Mama Mdogo Teresa alilia kwa mgomba ule kama alivyopaswa kulia, nami nikalia karibu naye.

Mwezi wa Julai, kama nilivyosimuliwa baadaye, alikuja Chrispinus, afisa wa mashamba wa kiwanda, na pikipiki yake ya manjano. Alitembea ndani ya miwa, akakata mmoja, akautafuna, akatema.

"Pole kwa msiba, mama," akamwambia Teresa. "Lakini miwa hii imefika miezi ishirini na moja. Wakataji watafika mtaa huu mwisho wa Agosti. Mkataba una jina la marehemu. Mimi siwezi kuleta trela kwa jina la mtu aliyekufa."

"Si waandike langu?"

"Wataandika. Lete cheti cha kifo. Cheti kikija kabla ya wakataji, shamba ni lako, mkataba ni wako, hakuna atakayekuuliza. Kisipokuja, watakupita, na miwa iliyopitwa inatoa maua na kukauka. Hapo hata ukoo utaanza kuuliza shamba ni la nani."

Teresa hakuwa na mtoto. Alielewa sentensi ya mwisho kuliko zile nyingine.

Karatasi za Sudan zilifika Agosti, nilipofunga shule. Kulikuwa na barua ya ubalozi wetu wa Khartoum kwa Kiingereza, na cheti chenyewe kwa Kiarabu. Mama Mdogo hakujua kusoma hata Kiswahili, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Tulianzia Mumias kwa Maalim Osundwa, aliyefundisha watoto Kurani nyuma ya msikiti.

"Salaam aleikum, karibuni."

"Mulembe, Maalim," akajibu Mama Mdogo.

Maalim alivaa miwani, akaisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu. "Kumbe hata huko madaktari wanaandika kama kuku anayeparua," akasema. Kisha akasoma polepole, na mimi nikaandika. Jina. Kazi, mpishi wa sukari. Tarehe kumi na nne Mei. Sababu, homa kali. Aliyemleta hospitali, wafanyakazi wenzake. Kidole chake kikasimama.

"Endelea, Maalim," Teresa akasema.

"Hapa wanauliza ndugu waliokuwepo." Akavua miwani. "Wameandika hakuna."

Mama Mdogo aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea salamu. Maalim alituandikia tafsiri nzuri, akaipiga muhuri wa madrasa, akakataa hata soda.

Siku iliyofuata tulikuwa Kakamega, kwenye dirisha la usajili. Karani aliitwa Hezekiah, mzee safi mwenye kalamu tatu mfukoni na adabu ya kanisani. Alipanga barua ya ubalozi, tafsiri, na cheti, akazilinganisha kingo. "Mmejiandaa vizuri, mama," akasema. "Watu wengi wakifiwa nje wanakujanga mikono mitupu, nawarudisha mara tano." Akaenda kwenye kabati kufungua jalada jipya.

Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, jalada alilobeba halikuwa jipya.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "huyu tunaye tayari."

Akaweka mezani karatasi moja. Niliwaona simba wangu, wale mbwa wawili, wakinikodolea macho.

"Soma, Edah," Teresa akasema. "Inasema nini?"

"Inasema... alifariki Machi."

"Machi gani? Mei, bwana. Maalim amesoma Mei."

"Machi ya mwaka jana."

"Mwaka jana!" Teresa akacheka kwa mshangao, akamgeukia karani. "Bwana karani, Krismasi ya mwaka jana alikuwa kwangu. Alikula kuku wawili. Kuna maiti inakula kuku?"

"Ndiyo maana nauliza." Hezekiah hakucheka. "Barua hii ililetwa kwa mkono. Kitabu cha mapokezi kinasema imeletwa na mwanamke, basi. Nilimwandikia naibu wa chifu wenu, akajibu hajui habari zake. Nikaiweka hapa nikisubiri aliyeileta arudi kudai cheti." Akamtazama. "Mama, mimi sisemi ni wewe. Lakini wapo wake ambao mume akiwa safarini humwandikisha amekufa, wapate shamba."

"Mimi?"

"Sisemi ni wewe. Nasema siwezi kuandika mtu amekufa Mei wakati nina barua ya kughushi inayosema alikufa kabla. Nikikosea, kesho nitaulizwa mahakamani. Nileteeni aliyeiandika."

Niliyeiandika nilikuwa nimesimama hapo, nimebeba mkoba. Sentensi moja tu ilihitajika. Niliitafuta, nikaipata, nikaimeza. Mama Mdogo alinishika mkono. "Twende nyumbani, mtoto wangu," akasema. "Huyu mzee amechanganya majalada."

Karani alimuuliza tena naibu wa chifu, na naibu alikuwa na mdomo. Kabla jua halijazama mara mbili, mtaa mzima ulijua kwamba kuna barua ya kifo cha Cornelius iliyoandikwa akiwa hai, na kwamba mwanamke ndiye aliyeipeleka. Watu wa kwetu hawahitaji habari ya tatu. Kumtamkia mtu aliye hai kifo ni jambo zito. Kukiandika, kukigonga muhuri na kukipeleka serikalini, hilo halina dawa.

Jioni ile Teresa alipeleka chakula kwa Kukhu Roda kama kawaida. Kukhu hakunawa.

"Mama, kitapoa," Teresa akasema.

"Kipoe."

"Unaumwa?"

"Mwanangu alienda Sudan akiwa na mwili kama mlango," Kukhu akasema, bila kumtazama. "Homa tu ikamuangusha? Homa inajuaje nyumba ambayo tayari imeandikwa?"

"Mama, mimi hata jina langu naweka kwa kidole gumba! Ningeandika barua na nini?"

"Ndiyo maana ulimtuma mtu."

"Nani? Nilimtuma nani?"

Nilikuwa nimekaa kati yao na tonge la obusuma mkononi. Lilikuwa tonge zuri, la mviringo. Nililitazama kwa muda mrefu sana. Nilijiambia kwamba nikisema sasa hivi Kukhu ataanguka kwa presha. Nilijiambia ngoja kesho, akiwa ameshiba. Shuleni nilikuwa bingwa wa kutoa sababu, na siku ile sababu zilinitii zote.

Nilingoja kesho mara kumi na moja.

Katika siku hizo kumi na moja wanawake wa kanisa waliacha kupita kwetu. Mtu alimwaga majivu kwenye njia ya kisimani anayopita Teresa. Siku ya kumi na moja alifunga nguo zake kwenye shuka, akasema anaenda kwa kaka yake Chekalini, apumzike kidogo. Mimi ndiye niliyembebea kapu mpaka barabarani. Njiani aliniambia nisome kwa bidii, kwa sababu yeye angejua kusoma, barua ile isingemchezea hivyo. Nikasema ndiyo, Mama Mdogo. Gari lilikuja, nikamkabidhi kapu.

Siku mbili baadaye trela ziliingia mtaani. Tulisikia mapanga yakianza upande wa chini, kwa majirani. Chrispinus alisimama langoni akiwa juu ya pikipiki.

"Mama yuko wapi? Cheti kimepatikana?"

"Hapa hakuna mama mwingine," Kukhu Roda akajibu. "Niko mimi."

Chrispinus alinitazama, akatazama shamba. Miwa yetu ilikuwa imeanza kutoa maua, meupe, marefu, yakiyumba kama watu wanaopungia mkono. "Ninyi mtajua," akasema, akapiga pikipiki teke, akawapeleka watu wake shamba la pili.

Nadhani ningeweza kuvumilia uso wa Kukhu. Niliweza kuvumilia hata kapu. Sijui kwa nini yale maua yalinishinda. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa miguu na kwa kubebwa na magari mpaka nyumbani kwa Miss Jeruto, aliyekuwa likizoni, akianika mtama.

"Edah? Kuna nini? Umefiwa tena?"

Nilimwambia yote, nikiwa nimepiga magoti bila kuagizwa. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye muhuri alifumba macho.

"Barua niliipeleka mimi," akasema hatimaye. "Nilikuwa naenda Kakamega kuchukua karatasi za mtihani. Nilijua mtu akifia nje familia husumbuka sana kumsajili. Nikasema niwapunguzie njia." Akaokota punje moja ya mtama iliyoanguka, akairudisha kwenye mkeka. "Nilidhani nawasaidia."

"Nisamehe, Miss."

"Simama. Vaa viatu. Twende."

Hezekiah alituketisha. Alinipa karatasi na kalamu yake moja kati ya tatu, akaniamuru niandike kila kitu kwa mkono wangu wa kweli, nakala tatu, na nitie sahihi kila ukurasa. Kuua kulinichukua robo saa. Kufufua na kuua upya kulichukua mchana mzima. Miss Jeruto naye aliandika yake. Alitia sahihi akiwa amekaza midomo, na nilijua kwamba hataniamini tena hata nikimwambia mvua inanyesha. Kisha Hezekiah akachukua wino mwekundu, akapiga mstari juu ya Machi, taratibu, kwa rula.

"Binti," akasema, "unajua nilimwambia nini yule mama?"

"Najua. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo," akarudia, akafunga jalada. Cheti kingekuwa tayari Ijumaa.

Kilichobaki kilikuwa Kukhu. Nilimwambia akiwa anachambua mboga. Nilimwambia mbio za nyika, kiazi, kakao, na kila kitu. Nilisubiri dunia ipasuke. Alikaa na jani la kunde mkononi.

"Wewe?" akasema. "Wewe mwenyewe?"

"Mimi, Kukhu."

"Kwa ajili ya kukimbia matopeni?"

"Ndiyo."

Mabega yake yalianza kutikisika. Nilidhani analia. "Kiazi!" akasema, na akacheka, akafuta macho kwa ncha ya leso. "Ulikuwa hivyo hivyo tangu mdogo. Baba yako alikuwa hivyo. Ah, mchezo wa watoto. Usirudie." Akaendelea kuchambua kunde. "Leta sufuria."

Sikuondoka kuleta sufuria. Nilisubiri aseme lingine, jina moja, lakini mikono yake ilikuwa imerudi kwenye mboga.

Jumamosi nilikwenda Chekalini na cheti ndani ya bahasha. Mama Mdogo alikuwa kwenye shamba la mahindi la kaka yake, akipalilia. Alinawa mikono kabla ya kukipokea. Alikipapasa, akanirudishia. "Soma."

Nikasoma jina, nikasoma kazi, nikasoma tarehe kumi na nne Mei. Kisha, kabla hajauliza, nikamweleza ni nani aliyeandika ile barua nyingine. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Ng'ombe wa jirani walipita. Hakunipiga, na niliomba moyoni anipige.

"Kukhu anajua?"

"Nimemwambia."

"Akasema nini?"

Hapo ningeweza kutunga. Nina kipaji. "Alicheka," nikasema. "Alisema ni mchezo wa watoto."

Mama Mdogo alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa. "Barua ni hiyo hiyo," akasema. "Kwa mkono wangu ilikuwa uchawi. Kwa mkono wako ni mchezo."

"Chrispinus amesema wakataji watarudi Oktoba," nikasema haraka. "Jina lako litaingia Jumatatu ukienda na cheti. Robo ya miwa imekauka, lakini iliyobaki ni yako, shamba ni lako. Utarudi, si ndiyo?"

"Nitakuja kukata miwa yangu. Nikimaliza nitang'oa mashina, nipande kitu cha kuliwa." Akakunja bahasha, akaiweka ndani ya blauzi. "Kulala pale, hapana."

"Mama Mdogo, nisamehe."

"Nimekusikia."

Akageuka, akashika mstari wake wa mahindi, jembe likipanda na kushuka. Kulikuwa na jembe lingine limeegemezwa kwenye ua. Nikavua viatu vya shule, nikalichukua, nikaanza mstari wa pembeni yake. Hakunifukuza, wala hakupunguza mwendo ili nimfikie.